Mota Haina Moto

Binti yangu ni mkunga. Siku hiyo zamu yake ilikuwa saa nane mchana, mvua haikatiki, na feni ya hita ya gari lake haipulizi. Kioo cha mbele kilijaa ukungu hata barabara haionekani. Saa sita tukaingia gereji kwa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa dada yake, fundi umeme wa magari.

Fundi mwenzake, wanayemwita Kiroboto kwa kuwa hatulii, alinifutia kiti kwa kiwiko chake, akakifuta tena, ndipo akanikaribisha. Nikampenda papo hapo. Muda si mrefu mota ya hita alikuwa ameshaifungua.

"Hii imekufa, bibi. Mpya itafika wiki ijayo."

Akanionyesha kipande cha boksi alichoandika fundi mkuu alipolipima gari letu, kabla ya kutoka: *Mota haina moto.*

"Wiki ijayo!" binti yangu akasema. "Na wanaojifungua leo niwaambie wajizuie?"

Mjukuu wangu akasoma, akacheka. "Kiroboto, moto gani huo?"

"Si joto? Hita haitoi joto."

"Joto linatoka kwenye maji ya injini, ndugu yangu. Mota inapuliza tu. Mkuu akisema moto, anasema umeme. Haufiki."

"Haya, bingwa, tuone."

Mjukuu wangu akaibana mota mezani, akagusisha waya zake mbili kwenye betri. Ikazunguka vuuu, ikanipeperushia mtandio.

Kiroboto akashika kichwa. "Jamani! Nilikuwa namzika mzima!"

Mjukuu wangu akachukua taa ya kupimia, akaichomeka kwenye plagi ya mota ndani ya gari. Haikuwaka. Akaufuata waya chini ya zulia, taratibu, kidole kwa kidole, mpaka palipoingia maji. Hapo waya ulikuwa umegeuka kijani na kukatika. Kiroboto, bila kuombwa, akajikunja chini ya dashibodi kummulikia. Shingo ilimuuma, nilimwona, lakini tochi haikutikisika.

Mjukuu wangu akakata palipooza, akaunga waya mpya, akairudisha mota.

"Washa, mama mdogo."

Upepo ukavuma. Ukungu ukaanza kuondoka chini ya kioo, ukapanda, ukaisha. Binti yangu, kwenye usukani, akaniona nje, akacheka kama mtoto.

"Mwanangu, Mungu akubariki..."

"Utanishukuru jioni. Saa nane kasorobo hiyo!"

Kiroboto alikuwa ameshafungua geti. Binti yangu akatoka ameegemea kiti chake vizuri, macho mbele, anaiona barabara yote.