Sinia la Vidonge

Sista Nanjala alikuwa na imani mbili: kwamba Mungu yupo, na kwamba dawa za asubuhi lazima ziishe kabla chai haijapoa. Ile ya kwanza aliruhusu watu waijadili.

Kwa hiyo Kache alipochukuliwa kuwa msaidizi katika chumba cha akina mama cha nyumba ya wazee, kwenye kichochoro nyuma ya Ngome ya Yesu, alielezwa siku ile ile kwamba yuko kwenye majaribio hadi mwisho wa Novemba. Akiweza kugawa dawa upesi, atabaki. Asipoweza, atarudi Kaloleni kuponda kokoto na mamake, kazi isiyo na majaribio, kwa kuwa jua humwajiri yeyote anayefika.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya aibu. Si kwamba Kache alikuwa mzito. Alisoma vibandiko bila kukosea, na alijua ni nani hanywi dawa bila uji tumboni. Kilichomshinda ni adabu. Mabibi wale walikuwa wamelelewa kwamba mtu hatii kitu kinywani mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, na mwenzake naye hakatai moja kwa moja, bali huonja kidogo ili asimvunje moyo. Sharti hili liliwekwa kwa ajili ya mihogo na mahamri. Hakuna mkutano uliowahi kukaa ukaamua kwamba vidonge vya presha havimo.

"Karibu, Bi Mishi," angesema Bi Shekue, aliyekuwa mkubwa wao, akishika kidonge chake kwa ncha za vidole kama kipande cha halua.

"Ahsante, bibi wee. Nimeshiba."

"Hata kidogo?"

"Wewe kula. Mimi nangoja changu."

"Nile, nawe watazama? Nitaonekanaje?"

Wakati huo Mama Everlyne, mjane wa mtu wa reli, aliyekuja kutoka bara zamani na kuzishika adabu za pwani kuliko wenyeji wenyewe, angekuwa amekwisha kukivunja chake kwa meno ili jirani apate nusu. Kache angeruka toka kitanda hadi kitanda akinyang'anya nusunusu za dawa za moyo. Chai ikapoa. Sista Nanjala angesimama mlangoni, akatazama saa aliyoibandika kifuani, akaondoka kimya. Kimya cha Sista kilikuwa na kelele zaidi ya matusi ya watu wengine.

Kilichomwokoa Kache ni pilau. Jirani mmoja alimwoza binti yake akaleta sinia zima, na Kache akaona jambo ambalo angepaswa kuliona tangu mwanzo: pale sinia lilipowekwa katikati, hakuna aliyemkaribisha mwenzake. Wakaribishane vipi, na wote wanakula?

Kesho yake alfajiri alilisugua sinia lile, akalitandika juu ya meza fupi, akazungusha viti. Dawa za kila bibi alizitia katika kifuniko cha chupa na kukiweka mbele ya mwenyewe. Bi Shekue akalitazama sinia, akatazama wenzake, akasema bismillahi. Mama Everlyne akafumba macho akamtaja Yesu. Wakameza. Chai ilipoletwa ilikuwa bado inafuka moshi.

"Leo umefanyaje?" Sista Nanjala akauliza.

"Nimepakua, Sista."

Sista akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia mpya ya kwenda mbinguni.

Ikawa hivyo kila siku, na Kache akaanza kulala usingizi. Kisha zikaja zile mvua za mwaka wa tisini na saba, barabara ya Nairobi ikakatika, na malori yakazama kwenye tope na shehena zao. Miongoni mwa vitu vilivyokosekana mjini kulikuwa na kidonge kidogo cheupe cha Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa na moyo mchovu. Bila kidonge kile cha kumkojoza, maji hujaa miguuni, yakapanda hadi kifuani. Aliyekinunua kila mwezi ni bintiye Mejumaa, mshona leso wa Biashara Street. Mejumaa alikuja ameloa, akasema maduka aliyoyafikia hayana, lakini kila jioni akitoka kazini atazunguka mengine hadi akipate.

Asubuhi iliyofuata, sinia lilipowekwa, Bi Shekue alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani.

"Na cha Bi Mishi?"

"Kimekwisha, bibi. Kinatafutwa," alisema Kache.

"Basi tutangoja."

"Jamani, kuleni," alisema Bi Mishi kwa haya. "Mimi jana nilikula vingi."

"Tule wewe umekaa mbele ya sinia tupu? Kwani wewe ni mtumishi wetu?"

"Mpe hiki changu cha presha," alisema Mama Everlyne. "Nina presha ya kutosha, nyingine itabaki."

Wakacheka wote, mikono mapajani, na hakuna aliyegusa kitu. Chai ikafika. Nyuma ya chai akafika Sista Nanjala, akasimama mlangoni na saa yake.

Kabatini kulikuwa na kopo kubwa la vitamini, zawadi ya wafadhili waliodhani uzee hutibiwa kwa rangi ya manjano. Kache alilifungua kabla hajaamua kulifungua. Akaweka kidonge kimoja kwenye kifuniko, akakiweka mbele ya Bi Mishi.

"Hiki hapa, bibi. Kimepatikana."

"Mbona cha manjano?"

"Wamebadilisha kampuni."

Bi Shekue akasema bismillahi, na wote wakameza. Sista akaenda zake. Kache alijiambia kwamba ni cha leo tu; kesho Mejumaa ataleta chenyewe. Kesho Mejumaa hakukileta, na mabibi walikuwa wamekwisha kukaa.

Mejumaa alikuja siku ya Ijumaa, viatu mkononi, amezunguka maduka hadi karibu na Kibarani. Bi Mishi alimpokea kwa furaha kubwa.

"Acha kujisumbua, mwanangu. Dawa nimekwisha kupewa hapa hapa. Nanywa na wenzangu kila asubuhi. Rudi nyumbani mapema, uwapikie watoto."

Mejumaa akamgeukia Kache. "Kweli, dada?"

Sista Nanjala alikuwa hatua chache nyuma yao, akikunja shuka. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi nzuri, pana, yenye kutosha watu watatu.

"Anakunywa," alisema Kache.

Mejumaa alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, akavaa viatu. Hakuzunguka tena.

Baada ya hapo Kache alianza kumkanda Bi Mishi miguu kila jioni. Alikuwa akibonyeza kidole kwenye ugoko, na kidole kiliacha shimo. Mwanzoni shimo lilijaa upesi. Baadaye likawa linakaa, kama alama ya mguu kwenye mchanga uliolowa. Bi Mishi akaomba mto wa pili, kisha wa tatu, kisha akawa analala ameketi.

"Ni baridi ya mvua," alisema. "Bila ile dawa yako ningekuwa nimekufa."

Kache akaenda kwa Sista Nanjala akamweleza yote, amesimama wima kama yuko mahakamani. Sista hakushangaa.

"Najua vitamini ninapoiona," alisema.

"Mbona hukunikataza?"

"Na wenzake wangekunywaje siku ile? Wengine sita wangekosa dawa kwa ajili ya mmoja." Akavua miwani, akaisugua kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. "Nilidhani barabara itafunguliwa upesi. Nenda kamwite binti."

Barabara ilikuwa imefunguliwa siku nne nyuma. Mejumaa alikipata kidonge katika duka la pili, akaja mbio, akakitia mwenyewe mkononi mwa mamake. Bi Mishi alikitazama, akifungua kinywa kutafuta pumzi.

"Si changu hiki. Changu ni cha manjano."

"Ni cha manjano," alisema Bi Shekue. "Sote twakijua. Usimpe mgonjwa dawa ya watu, mwanangu."

"Cha manjano ni vitamini," alisema Kache. "Cha kwake hakikupatikana. Nilimpa vitamini."

Mejumaa hakupiga kelele. Alimtazama Kache mikononi, mahali alipomshika siku ile, akageuka.

Bi Mishi ndiye aliyesema, na alisema ili Kache asifedheheke.

"Vitamini nayo si mbaya," alisema. "Inatia nguvu."

Akakimeza kile cheupe. Jioni midomo yake ilikuwa ya samawati. Gari la wagonjwa haliingii kichochoroni, kwa hiyo wanaume wawili walimbeba kwenye kiti hadi barabarani, Mejumaa akimfunika leso miguuni, na mvua ikinya. Hakurudi. Habari ililetwa kabla ya mapambazuko.

Asubuhi hiyo Kache aliweka sinia. Hakuna aliyekuja kukaa. Bi Shekue alikuwa kitandani ameelekea ukutani, na akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Kache akampelekea kifuniko chake. Bi Shekue akakiinua kidonge kwenye mwanga wa dirisha, akakipindua, akakinusa, akakimeza peke yake. Hakumkaribisha mtu. Kitanda kilichofuata, hivyo hivyo. Mama Everlyne alikunywa amejifunika shuka kichwani.

Dawa ziliisha kabla chai haijachemka.

Sista Nanjala alitazama saa, kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba majaribio yamekwisha na Kache amepita. Kuanzia Jumatatu atachukua pia chumba cha wazee wa kiume.

"Ndiyo, Sista," alisema Kache, akaanza kukusanya vifuniko.