Pumzi ya Marehemu Ndani ya Klarineti

Mthamini wa vyombo vya kupuliza alitandika kitambaa cheupe mezani, akafuta miwani kwa pindo la gauni lake, ndipo akafungua sanduku. Mbele yake walikaa binti wa marehemu na baba yake mdogo. Klarineti ilikuwa ya marehemu. Binti alitaka ibaki nyumbani, lakini nyumba yenyewe sasa ilikuwa ya baba mdogo, na neno lililopita lilikuwa lake: iuzwe.

"Kongwe hiyo, mama," alisema baba mdogo. "Haipatikani tena."

"Ukongwe peke yake si kitu, baba," alijibu mthamini. "Nyingine kongwe zinavuja kama chungio."

Alianza na mti. Ulikuwa mpingo wa kweli, mzito, na alipousogezea taa hakuona ufa, hata ule mwembamba kama unywele unaopenda kujificha chini ya vibonyezo. Namba ya kipande cha juu ililingana na ya kipande cha chini. Mdomo wa kupulizia ulikuwa na alama za meno ya marehemu, moja limekaa upande. Hilo lilipunguza thamani kidogo.

Ukabaki mtihani wa kuvuja. Alichukua kipande cha juu, akaziba matundu kwa vidole na ncha ya chini kwa kiganja, akavuta hewa. Kinachovuja huleta hewa ya chumbani. Hiki kilileta pumzi ya mwisho ya marehemu.

"Mdogo wangu," alisema mthamini kwa sauti nzito ya marehemu, yenye kikohozi, "nifungulie mlango. Kifua kinabana. Japo maji."

Kisha akairudisha pumzi taratibu mahali pake, akaziba. "Mniwie radhi. Juzi ilikuwa ya mwalimu mmoja, yeye alikuwa anatafuta soksi."

Binti alimgeukia baba mdogo. "Ulisema alikufa usingizini."

"Kwani mwisho hakulala?" Baba mdogo alikung'uta vumbi kwenye kofia. "Kikohozi kile, na klarineti juu yake! Nilimfungia atulie. Nikajua atachoka."

"Alichoka," alisema binti.

"Ni ya daraja la kwanza," alisema mthamini. "Haivuji hata chembe. Ila mnunuzi huitaka tupu."

"Itoe basi, mama, tuondoke."

"Bibi, naomba niitoe mimi," alisema binti.

Mthamini akamwonyesha pa kuweka vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Binti akavuta mpaka mabega yakapanda, akafunga mdomo.

Baba mdogo alitia fedha za klarineti mfuko wa ndani, akatangulia. Njiani majirani walitoa pole; binti aliinamisha kichwa tu. Nyumbani alipika, akafua, akawaogesha watoto wa baba mdogo, midomo kaibana. Aliposwa hivyo hivyo, akaolewa, akazaa.

Baba mdogo humsifu kila anapopata wageni. "Mtoto wa kaka yangu yule, mpole ajabu," husema. "Tangu tuuze klarineti ya baba yake, hajanijibu neno hata moja."