Kuni za Matanga

Mgonjwa haulizwi uji, wasemavyo, sembuse moto? Lakini mzee Makhanu wa Shinyalu aliomba moto Julai nzima, na wa kumwashia alikuwa mkewe tu, Naliaka, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa katakata safari za msituni. Bibi wa watu akawa anachoma magunzi ya mahindi. Na gunzi, jamani, huwaka kwa mbwembwe na kuzima upesi. Daktari wa zahanati alishasema kifua cha mzee hakitaki baridi hata kidogo.

Nyuma ya nyumba ulikuwepo mkaratusi mkubwa. Naliaka akampigia simu kifungua mimba wao, Sifuna, aliyekuwa na kazi na makao yake Nakuru.

"Baba yako anatetemeka. Nimwite jirani Patroba aangushe ule mti tupate kuni."

"Mama, mti huo usiguswe! Hizo ni mbao za nyumba yangu. Mfunike blanketi mbili."

Blanketi mbili! Ilikuwepo moja. Basi Naliaka akawa ndiye blanketi ya pili, akalala amemkumbatia mumewe mgongoni, mchana kutwa, mvua ikipiga mabati. Mzee alicheka, kifua kikimkoroma. "Wewe mwanamke, miaka arobaini na sita bado hujanichoka?" Naliaka akamwambia anyamaze, asijichoshe. Alitaka kitu kimoja tu duniani: Agosti ifike imkute mzee hai.

Haikumkuta.

Sifuna aliwasili siku ya pili ya msiba, gari limejaa maturubai na masufuria. Hata pole hajampa mama yake vizuri, keshasimama uani anafoka. "Matanga gani haya hayana moto? Watu watasemaje?" Maana kwetu mzee hazikwi hivi hivi, sharti mti uangushwe, waombolezaji waote moto. Patroba akaitwa na msumeno wake wa injini. Kufumba na kufumbua, mkaratusi ulikuwa chini.

Lo! Moto uliwaka siku nne mfululizo. Watu wasiomjua marehemu hata kwa sura walinyoosha viganja na kumsifu Sifuna: huyo ndiye mtoto, amemheshimu babake! Naliaka aliwekewa kiti mbele kabisa. Joto lilimbabua miguu, lakini hakukisogeza kiti nyuma, kwa sababu ya wageni.

Mazishi yakaisha, watu wakatawanyika. Sifuna, kabla ya kuondoka, alimshika mama yake mkono akamwonyesha kuni zilizobaki, zimepasuliwa na kupangwa ukutani mpaka dirishani. Alikuwa ameridhika kweli.

"Ona, Mama. Sasa hutasikia baridi tena."

Naliaka akautoa mkono wake taratibu.

"Mimi sikuwa nikisikia baridi, Sifuna. Aliyekuwa akisikia baridi ni yule mliyemzika."