Kiboko wa Hatua ya Nne

Fredi aliiangalia simu, akaizima, akaiwasha tena. Namba ilikuwa palepale: arobaini na moja. Tangu alfajiri alikuwa hajakaa kwenye kiti muda wa kumaliza kikombe kimoja, na chai yenyewe ilishaota utando.

"Baba Doris, hiyo namba haiongezeki kwa kukodolewa macho," alisema mkewe Modesta, huku akitafuta kiatu cha pili aende shuleni kufundisha. "Utaitisha ikimbie."

Fredi hakucheka. Miaka miwili alikuwa amejifungia katika chumba cha uani, hapo Magomeni, akitengeneza gemu ya simu peke yake. Aliiita Vusha. Mchezaji anaongoza kivuko kwenye mlango wa mto Ruvuma, anakwepa mafungu ya mchanga na viboko, anafikisha abiria ng'ambo. Picha alichora mwenyewe. Muziki aliupiga Modesta kwa mwiko juu ya mfuniko wa sufuria.

Sasa mfuko mmoja wa Dar es Salaam ulikuwa tayari kumpa fedha za kuimalizia, kwa sharti moja: kabla mwezi haujaisha, watu elfu moja wawe wameipakua kutoka duka la mtandaoni. Mwezi ulikuwa unaisha leo, na duka lilikuwa limehesabu arobaini na mmoja tu. Jioni angepigiwa simu na Felista, ofisa wa mfuko huo. Na kama ni hapana, kulikuwa na meza yake ya zamani kwenye ofisi ya mizigo bandarini. Bosi wake alishamwambia, "Nipe jibu Jumamosi, nisije nikaweka mtu mwingine."

Chumba kilimshinda. Alitoka, akashika njia ya kituo cha bajaji bila kujua anakwenda kufanya nini. Kabla hajafika, alisikia mfuniko wa sufuria.

Alisimama. Sauti ilitoka ndani ya bajaji ya Salumu, dereva aliyezoea kumbeba. Salumu alikuwa amejikunja kwenye usukani, ulimi nje, vidole vinacheza juu ya kioo.

"Kiboko mshenzi huyu! Kanizamisha tena!"

"Umeipakua?" Fredi aliuliza. "Kule dukani, mtandaoni?"

"Dukani? Nichome bando la wiki nzima kwa ajili ya gemu? Nina wazimu, mkuu?" Salumu hakuinua macho. "Kanirushia shemeji. Simu kwa simu, bure, hata soda hujamaliza. Hapa kituoni tunayo wote. Muulize yule. Muulize na yule."

"Na shemeji yako kaipata wapi?"

"Kwa mwalimu wa mwanawe. Mama mmoja hivi wa heshima zake, anamrushia kila anayepita. Eti mume wake ndiye kaitengeneza." Salumu akacheka. "Unamjua?"

"Namjua," alisema Fredi. "Ndiye aliyenipikia chai asubuhi."

Miguu ilimpeleka shuleni mbio. Alimkuta Modesta barazani, walimu wenzake wawili wameinamia simu.

"Mama Doris, umewarushia wangapi?"

"Nitajuaje? Walimu. Kikundi chetu cha akina mama. Kwaya nzima, hata besi." Uso wake uling'aa. "Mpaka kijijini Mpapura imefika, dada yake mwalimu mkuu anaicheza."

"Na hahesabiwi hata mmoja! Duka linahesabu wanaopakua kwake tu. Hizi zenu za kurushiana hakuna anayezijua!"

Wale walimu wawili wakakumbuka kwamba wana vipindi. Modesta alisubiri waondoke.

"Uliniambia niitangaze, nimeitangaza. Na ya kwanza alinirushia nani? Si wewe, umekaa kitandani, unasema tusimalize bando?"



Jioni hakuweza kupokea simu ya Felista akiwa nyumbani. Alirudi kituoni, akawaomba madereva wawashe gemu wote kwa pamoja, sauti hadi mwisho. Simu ilipoita, aliinyanyua juu.

"Dada Felista, sikiliza!"

Mifuniko ililia kituo kizima. Abiria mmoja akaziba masikio.

"Nasikia, kaka Fredi," alisema Felista, na kwa sauti yake alikuwa akitabasamu. Kisha akashusha pumzi. "Nakuamini kabisa. Ila makelele siwezi kuyaandika kwenye ripoti. Wakubwa wangu wanataka namba ya dukani. Jaribu tena mwakani."

Madereva walizima simu mmoja mmoja. Salumu peke yake aliendelea kucheza.

"Mkuu, nikimpita huyu kiboko, mbele kuna nini?"

"Hatua ya tano. Haijaisha, iko kwenye kompyuta."

"Imalize basi. Unaiuza bei gani?"

Fredi alimtazama kana kwamba amemtukana. Miaka miwili alikuwa amewauliza wafadhili. Hakuwahi kumuuliza mtu aliyeshika gemu mkononi.

Kesho yake alishinda kwenye kompyuta. Palipoandikwa kwamba kivuko kimezama, mahali ambapo kila mchezaji lazima afike, aliandika: "Kiboko amekushinda? Hatua ya tano inakuja. Nipigie." Akaweka namba yake. Kisha akamrushia Salumu, simu kwa simu. Akamrushia Modesta.

"Anza na kwaya," alimwambia.

Jumamosi alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa nne simu iliita: bosi wa bandarini. Fredi aliitazama ikiita mpaka ikakata. Modesta alikuwa akichambua mchele, ila mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya ungo. Ikaita tena. Namba ngeni.

"Haloo! Wewe ndiye mwenye kiboko?" ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake jogoo anawika. "Nipo Mpapura huku."

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu mtoe huyo mnyama njiani, mwanangu, au unitajie bei ya hiyo ya tano. Nina abiria kwenye kivuko."