Bomba la Balozi

Kornelio alimimina kopo jingine la maji juu ya bomba, akapiga mpini. Ulipanda na kushuka mwepesi, hauna kitu. Maji aliyomimina yalisikika yakitelemka kisimani, kisha kimya.

"Si nilisema?" Melkizedek, balozi wa nyumba kumi na mwenye kisima, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mnyororo na kufuli mapajani. "Leo nimelifungulia, halitoi hata tone. Ng'ombe wamejikuna hapa mpaka wameliharibu. Kesho mkutanoni nasema: Sempele atafute maji kwingine."

Mzee Sempele alisimama pembeni, ameegemea fimbo. Kwingine ni mtoni, ng'ambo ya barabara ya Iringa, mwendo ambao ndama wake wasingeuweza kiangazi kile.

"Ngoja kwanza, balozi," Kornelio alisema. "Sijafika huko."

Kazi ya kutengeneza mabomba hakuisomea popote. Alijifunza kwa kufungua na kufunga. Alishusha jiwe kwa kamba, likarudi limelowa. Maji yapo. Akajaribu viungo vya bomba kimoja kimoja, hakuna kilicholegea. Ndipo alipofungua kichwa na kuvuta chuma cha ndani. Mwishoni mwake palikuwa na kikombe cha ngozi, ambacho hutakiwa kuwa laini na kubana ndani ya bomba ili kivute maji. Kilikuwa kikavu, kimejikunja.

Akampa Sempele. "Mzee, ngozi unaijua kunishinda."

Sempele aliiminya kwa kidole gumba. "Haijaharibiwa na ng'ombe hii. Imekaa na joto bila maji."

"Balozi, mnyororo ulifunga lini?"

Melkizedek alilitazama kufuli. "Siku ile Sempele alipoleta ndama, mwezi uliopita. Tukawa tunachota shuleni. Nilitaka maji yapumzike."

"Yamepumzika kweli," Sempele alisema.

Kornelio aliinama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Bomba lisipopigwa, maji hurudi chini," alisema baadaye. "Ngozi hubaki peke yake na jua. Hata ningefunga mimi, ingekuwa vilevile. Sasa inataka mafuta ya mnyama."

Sempele alikwenda bomani kwake, akarudi na kibuyu cha mafuta ya ng'ombe. Kornelio aliyasugua ndani ya ngozi, polepole, mpaka ukingo ukaanza kulegea. Kisha akaizamisha katika bakuli la mafuta hayo.

"Ilale humu. Nikiirudisha leo itachanika."

"Mkutano ni asubuhi," Melkizedek alisema.

"Basi nitakuja mapema zaidi."

Kornelio alifunika bakuli kwa sahani, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa. Vipande vingine alivipanga juu ya gunia kwa mfuatano aliovitolea.

"Kibuyu nitakifuata kesho," Sempele alisema.

"Njoo na ndama," Melkizedek alijibu, akikunja mnyororo. "Lakini wasije wote kwa mkupuo."

Akaingia na mnyororo huo ndani ya nyumba yake.