Mashua Isiyo na Choo

Kila Jumapili fundi makochi alimvalisha mkewe gauni la kijani, akamfunga kitambaa kichwani, kisha akamvisha viatu, cha kulia kwanza, kwa kuwa mguu wa kushoto ulikuwa umekufa na ulitaka subira. Halafu alimbeba mgongoni hadi gatini. Mtaa mzima ulishawazoea.

"Kapteni, leo mnaishia wapi?" walimtania.

"Mafuta yatakapogoma."

Kiharusi kilimnyang'anya mama yule maneno yote, kikamwachia moja tu: twende. Akitaka maji, twende. Akiudhika, twende. Nyumbani neno hilo aliuambia ukuta. Lakini mashua ikishaachia gati na upepo wa ziwa ukampiga usoni, alicheka, kicheko chake kilekile cha usichana, na mumewe alilazimika kugeuka nyuma kujifanya anashughulika na injini. Mashua hiyo aliiunda mwenyewe kwa mbao alizonunua moja moja. Viti alivitia sponji na kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kochi la mteja. Watu walisema maskini na starehe ni wapi na wapi. Waseme. Dawa nyingine ya kumchekesha mkewe hakuiona popote, na hospitali alikwenda sana.

Siku hiyo walimkuta afisa mazingira gatini, binti mwenye adabu, kavaa buti mpya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Chombo hiki ni cha biashara au cha starehe?"

"Cha kumtembeza mama yenu."

"Basi ni cha starehe. Kanuni mpya, baba: kila chombo cha starehe kiwe na tanki la majitaka. Hakuna kumwaga kitu ziwani."

"Hii haina choo, mwanangu."

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Kama hakina choo, hayo majitaka yanakwenda wapi?"

Fundi alicheka akidhani ni utani. Binti hakucheka. Basi fundi akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye klabu ya wenye nazo, ambako maboti meupe yamejipanga. Mwambao wote wa ziwa lile ulijua kwamba mashine ya kunyonya matanki pale klabuni iliharibika wiki ileile iliyozinduliwa na mgeni rasmi, na kwamba jioni maboti yale husogea mbele kidogo, yakafungua koki, yakarudi mepesi. Upepo ukigeuka, watu hufunga madirisha.

"Na yale je?"

"Yale yana matanki. Nimeyakagua mwenyewe. Hii haiondoki mpaka iwe na tanki na ikaguliwe."

Mgongoni, mkewe alimpigapiga bega kwa mkono wake mzima. "Twende," alisema. Wakarudi nyumbani.

Wenzake wenye mashua ndogo walizificha kwenye matete, wakangoja kanuni ipite kama zilivyopita nyingine. Fundi yeye alitii. Alichukua pipa la rangi, akalisafisha, akaliziba, akalifunga chini ya kiti cha maua, halafu akakokota mashua hadi uani kwa ofisi ya mazingira, ikaguliwe.

"Iache hapo," mlinzi wa geti alimwambia. "Mkaguzi atapita."

Mkaguzi hakupita. Lilikuwa jua la kiangazi, na mashua ya mbao hunywa maji. Ikinyimwa, mbao husinyaa na viungo kufunguka. Fundi alikwenda na ndoo ya maji ailoweshe.

"Wee mzee! Unamwaga nini?" mlinzi aliuliza.

"Maji safi tu, kaka. Inakauka."

"Hii ni ofisi ya mazingira. Hapa hatumwagi maji ovyo. Unataka nifukuzwe kazi?"

Basi akawa anakuja kuitazama kupitia uzio. Nyumbani, mkewe aliacha kula. Akiletewa kijiko alifumba mdomo, na usiku alisema twende, twende, polepole, hata mumewe akatamani kiharusi kingelichukua na neno hilo. Wazo hilo lilimwumiza sana, akaamka akamkanda miguu.

"Mtafute mtu wa ndani, baba," binti yao alimshauri kwa simu.

"Wa ndani nitamtoa wapi? Mimi najua waliokalia makochi yangu tu."

Mkaguzi alipopita hatimaye, aligonga pipa kwa kalamu, akabandika stika, akaondoka. Mbao hakuzigusa. Fundi aliinama chini ya mashua yake na kuona mwanga ukipenya.

Hakukata tamaa. Alijua dawa yake: unairudisha majini, inavuja, unakumba maji kwa kopo kutwa, na kesho yake mbao zinavimba na kujifunga zenyewe. Hata ilipokuwa mpya ilifanyiwa hivyo. Akaikokota hadi ziwani, akamvalisha mkewe gauni la kijani, akamketisha gatini kwenye kiti cha plastiki, angalau aione. Mama akaona mashua, akafumbua mdomo. Alikula ndizi nzima.

Mashua ikaguswa na maji, ikaanza kuvuja kila mahali. Fundi akakamata kopo, akakumba, akamwaga. Akakumba, akamwaga.

"Baba! Unamwaga nini hapo?" Alikuwa binti wa buti.

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya humuhumu. Yameingia, nayarudisha kwao."

"Yakishaingia chomboni ni majitaka. Kanuni haiulizi yalikotoka. Yatie kwenye tanki."

Akayatia. Pipa la rangi lilijaa hata jasho halijamtoka.

"Limejaa, mwanangu."

"Likanyonywe klabuni."

"Mashine ya klabuni mbovu. Unajua."

"Hilo si la idara yangu, baba. Sheria ni msumeno."

"Msumeno naujua, ndio ulionilisha. Hukata ukienda tu. Ukirudi, haukati kitu." Akaonyesha maji yaliyokuwa yakipanda. "Mwanangu, itazama. Niachie leo tu. Leo peke yake."

Binti alitazama klabuni, akashusha sauti. "Nikikuachia wewe, mimi nitaulizwa. Nina watoto, baba. Nisamehe." Kisha akasimama palepale, mikono nyuma, akihakikisha.

Fundi akawa anakumba na kutia kwenye ndoo, anapanda nayo gatini, anaimimina kwenye pipa kubwa lililo nchi kavu, anashuka tena. Kila akishuka alikuta maji yamepanda kuliko alivyoyaacha: kwanza vifundo vya miguu, kisha magoti. Pipa la nchi kavu nalo likafurika, na afisa akamwonya kwamba yanarudi ziwani. Hapo fundi alisimama na ndoo yake iliyojaa, asijue pa kuiweka.

Mashua ilizama taratibu, bila kelele. Viti vya maua vikachomoka na kuelea. Stika ilionekana kidogo, halafu haikuonekana.

"Hivyo viti uviokote, baba," binti alisema, akizitazama buti zake. "Ni taka. Na chombo kilichozama pia kinahesabiwa taka. Itabidi ukitoe."

Boti jeupe la klabu lilikuwa likitoka kwa matembezi ya jioni. Mtu mmoja juu yake, glasi mkononi, aliwapungia. Mawimbi yake yakafika gatini, yakagonga nguzo, yakamrushia mama matone usoni.

Mama akacheka. Kicheko kilekile. Akashika mkono wa kiti, akajivuta, akainuka peke yake kwa mara ya kwanza tangu augue, akanyoosha mguu wake mzima kuelekea pale mashua ilipokuwa ikikaa kila Jumapili.

"Twende," alisema.

Fundi aliitupa ndoo, akamdaka kiunoni. Akamshikilia hivyo, mguu ule ukiendelea kutafuta pa kukanyaga.