Wimbo wa Dada Pepe

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kipindi cha kwaya, Lidia aliweka redio juu ya stuli na beseni chini yake. Wimbo ule ulipopigwa, redio ilitiririsha maji. Yalikuwa maji ya ziwa, ya baridi, yenye shombo kidogo, na mara nyingine yalitoka na usipa, vidagaa vya Nyasa, wakirukaruka. Mbinga nzima redio zilikuwa hivyo. Asia, mwenye duka jirani, aliwahi kumpelekea fundi ya kwake. Fundi akamwambia tatizo si redio, ni wimbo, akamshauri anunue ndoo.

"Dada Lidia, kwako wametoka?" Asia aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Wa kitoweo cha mtoto tu."

"Kwangu maji matupu. Huyo mwalimu wenu aliyeutunga kweli ana kipaji."

Lidia aliwaanika usipa wake juani.

Wimbo ulikuwa wa dada yake, Perpetua, ambaye yeye alimwita dada Pepe. Walizaliwa ufukweni, upande wa Mbamba Bay. Pepe alianza kutunga kabla hajavunja ungo, akisugua masufuria kwa mchanga ziwani, Lidia akimsuuzia. Mstari ukiwa mzuri, usipa walisogea hadi miguuni pake. Ukiwa mbovu, walirudi kilindini, naye akautupa na kutafuta mwingine. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi hiyo. Wanawake walizoea. Walikuja na vyandarua wakamwambia, "Imba, mwanangu, kwangu leo hakuna mboga," naye akawaimbia.

Mama yao alipopelekwa hospitali kwa boti akarudishwa amefunikwa shuka, Pepe alitunga wimbo wa kumuaga. Siku hiyo usipa walifurika hata maji yasionekane, na waombolezaji wakala wakasaza.

Mwalimu Nazari, kiongozi wa kwaya, alikuja kuwapa pole. Akamwomba Pepe auimbe. Akaomba aurudie. Jumapili iliyofuata kwaya iliuimba kanisani, ikatangazwa kuwa ni utunzi mpya wa Mwalimu. Palipokuwa na "mama" alikuwa ameweka "Bwana". Mengine yote hakuyagusa.

Pepe alisimama katikati ya ibada.

"Shikamoo, Mwalimu. Huo wimbo ni wangu. Ni wa mama."

"Marahaba. Nyimbo ni za Mungu, binti. Kaa."

Jioni wazee wa kanisa walimwita baba yao, wakamtoza mbuzi kwa sababu binti yake amevuruga ibada. Baba alimjua mwenye wimbo. Ulipoimbwa kaburini, hakuna aliyelia kumshinda yeye.

"Umeniaibisha," alimwambia Pepe. "Nisiisikie tena sauti yako ziwani."

Pepe akatii. Usipa wakaacha kuja, na wanawake walewale wakaanza kusema ana roho mbaya, anawanyima watoto wao mboga. Mwaka haukuisha akaozwa Liparamba, mbali na ziwa. Lidia alipokwenda kumtembelea, alimkuta akipalilia mahindi, kimya.

"Hutungi tena, dada?"

"Nitungeje? Huku hata samaki wa kuniambia nimekosea hawapo."

Alifariki katika uzazi wa kwanza, yeye na mtoto. Kwaya ya huko ikamsindikiza kwa wimbo wake mwenyewe, baada ya kutaja jina la Mwalimu Nazari. Kaburi likajaa maji. Vijana wakayachota kwa ndoo, kisha wakamshusha.

Mwaka huu Mwalimu Nazari alituzwa mjini Mbinga. Lidia alivaa kitenge chake kizuri akaenda. Kwaya ilipoanza, spika zilimwaga maji ukumbi mzima. Mgeni rasmi aliinua miguu, akaendelea kusikiliza. Wanawake waliokota usipa wakawafunga kwenye pindo za nguo. Wimbo ulipokwisha, Lidia alisimama.

"Samahani, mgeni rasmi. Wimbo huu aliutunga marehemu dada yangu, Perpetua."

Mwalimu Nazari, mzee sasa, alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyepotea njia. Kijana mmoja wa kamati ya sherehe, mwenye tai, akamsogelea Lidia.

"Tunajua, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu mwenyewe ameshakaa sana ziwani akiimba, hata kaa hakumfuata. Lakini ngao imeshachongwa jina."

Ngao ikatolewa. Makofi yakapigwa, picha zikapigwa, watu wakatoka wakikung'uta viatu. Mhudumu wa ukumbi alikuwa na haraka, maana jioni palikuwa na harusi, na aliyebaki ndani alikuwa Lidia peke yake. Akamkabidhi dekio.

Lidia akavua viatu, akapandisha kitenge, akaanza kudeki.